Miti Mikavu ya Mtera Ina Wenyewe

Ukitoka Dodoma kwenda Iringa, kama katikati ya safari unavuka Bwawa la Mtera. Wengi hununua samaki hapo wakaendelea na safari. Ukipata nafasi, simama kidogo uiangalie ile miti mikavu majini.

Bwawa lilijengwa ili kuhifadhi maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu. Mwaka 1988 Mtera nayo ikaanza kufua umeme, megawati 80. Maji yalipojaa yalizamisha pori, miti ikafa ikiwa imesimama. Kwetu ni kuni tupu. Kwa ndege wa maji ni nyumba iliyozungukwa na handaki.

Yule mweusi aliyetandaza mbawa juani ni mnandi. Manyoya yake hulowa upesi kuliko ya bata, jambo linalomsaidia kuzama akimfuata samaki, lakini akitoka hana budi kujianika. Mbizi, mwenye shingo kama nyoka, naye hujianika vivyo hivyo, ila yeye humchoma samaki kwa ncha ya mdomo. Furukombe hungoja kileleni, akamshukia samaki aliye karibu na uso wa maji. Nyayo zake zenye miiba midogo humzuia asiponyoke.

Sasa niseme linaloniuma. Wapo wanaopeleka mtumbwi hadi chini ya viota ili wapige picha nzuri. Ndege wazazi hupaa wote kwa pamoja, na mgeni hufurahi akidhani ameona maajabu. Lakini mchana, kwa jua la Dodoma, kivuli cha kinda asiye na manyoya ni mwili wa mama yake. Mama akikaa angani dakika chache tu, yai huharibika au kinda hufa kwa joto, na kunguru naye huwa yupo karibu. Ukiona ndege wananyoosha shingo na kuanza kusogeasogea, umeshafika mbali mno: rudi nyuma taratibu.

Darubini ndogo ukiwa ufukweni yatosha. Njoo alfajiri, jua likiwa mgongoni mwako. Kati ya Oktoba na Machi angalia pia kwenye matope, wanakotafuta chakula ndege wadogo wa miguu mirefu waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Na kabla hujashuka majini, muulize mvuvi viboko wamelala upande gani na mamba huota jua wapi.