Kinyonga hapasuki anapozaa: dhana potofu kuhusu kuzalisha vinyonga na kulea watoto wao

Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki watoto hukua wakiambiwa kwamba kinyonga jike huzaa mara moja tu, kwa kuwa siku ya kuzaa tumbo lake hupasuka, watoto hutoka, naye hufa papo hapo. Simulizi hiyo hurudiwa hata na watu wazima waliosoma. Anayeamua kuzalisha vinyonga kwa mara ya kwanza, hasa Ulaya na Marekani ambako ufugaji huu umeenea, hukutana pia na dhana nyingine, ambazo nyingi zinatokana na mazoea ya kufuga kuku. Vinyonga wengi wanaokufa mikononi mwa wafugaji wapya, mama na watoto, hufa kwa sababu ya mambo ambayo mfugaji aliyafanya kwa nia njema.

"Mama hufa kwa kupasuka tumbo"

Kinyonga jike ana njia ya kutolea mayai au watoto, ile ile ya haja, iliyo chini ya shina la mkia kama ilivyo kwa mijusi wengine. Aina nyingi za vinyonga hutaga. Kinyonga wa Yemeni (Chamaeleo calyptratus), mwenye asili ya Yemeni na Saudi Arabia na ambaye ni miongoni mwa wanaofugwa zaidi duniani, hutaga mayai ardhini, na idadi yake mara nyingi ni kati ya 30 na 60. Kinyonga wa pembe tatu (Trioceros jacksonii), anayepatikana katika nyanda za juu za Kenya na kwenye Mlima Meru nchini Tanzania, hatagi. Hubeba mimba kwa takriban miezi sita au zaidi, kisha hudondosha watoto mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiwa ndani ya utando mwembamba unaonata. Mtoto hujinyoosha, utando ukapasuka, naye akaanza kutafuta tawi la kushika. Inawezekana kabisa kwamba aliyeona utando huo ukipasuka ndiye aliyeanzisha habari ya tumbo kupasuka, ingawa hayo ni mawazo yangu tu. Mama hubaki hai, na anaweza kuzaa tena.

Hata hivyo, ni kweli kwamba majike hufa wakati wa uzazi, na jambo hili linastahili kuelezwa kwa kirefu kwa sababu linaweza kuzuilika. Chanzo kikubwa ni mayai kukwama tumboni. Jike hukosa mahali panapofaa pa kutagia, au mwili wake hauna kalisi ya kutosha kuifanya misuli isukume, au amepandwa akiwa mdogo mno, au amelishwa kupita kiasi hadi akatengeneza mayai mengi kuliko mwili wake unavyoweza kubeba. Jike aliyekwama huonekana tumbo limejaa huku macho yakiwa yamezama, hana nguvu ya kupanda, na hushinda amelala chini. Hapo anahitaji daktari wa mifugo anayewajua reptilia, na asisubirishwe hadi wiki ijayo.

"Jike asiyekutana na dume hatahitaji mahali pa kutagia"

Kinyonga wa Yemeni jike hutaga hata kama hajawahi kuona dume maishani mwake, sawa na kuku wa mayai, ingawa mayai hayo hayana kitu ndani. Kwa hiyo kila mwenye jike aliyepevuka, awe na nia ya kuzalisha au la, anapaswa kumwekea chombo cha kutagia chenye mchanga mbichi, au mchanga uliochanganywa na udongo, wenye kina cha sentimita 30 hivi, ulioshikamana kiasi cha kuchimbika handaki bila kuta kuporomoka. Siku chache kabla ya kutaga jike huacha kula, huzunguka kizimba bila kutulia na kukwaruza sakafu. Akishapata udongo unaomridhisha huchimba kwa miguu ya mbele huku akitupa mchanga nyuma, hupotea shimoni na kuonekana ncha ya mkia tu, kisha hugeuka ndani kwa ndani, hutaga, hufukia na kukanyagia juu hadi pasionekane dalili. Kazi hiyo inaweza kumchukua siku nzima au zaidi. Akigundua kwamba anatazamwa anaweza kuliacha shimo, na mayai yakabaki tumboni. Ni vyema kufunika upande mmoja wa kizimba kwa kitambaa na kumwacha peke yake.

Baada ya hapo mama hamalizi kazi tu, bali anamaliza uhusiano wote na mayai. Hatamii, halindi, wala hatawatambua watoto wake, na akikutana nao wakiwa wadogo anaweza kuwala. Kile anachohitaji ni maji mengi, chakula chenye kalisi, na utulivu.

"Chakula kingi humwandaa jike kwa uzazi"

Huu ndio ushauri unaoleta madhara makubwa zaidi, kwa kuwa unafanana sana na busara. Kwa kinyonga wa Yemeni, wingi wa chakula na joto huufanya mwili utengeneze mayai zaidi, na majike waliolishwa bila kipimo wamewahi kutaga zaidi ya mayai 80 kwa mkupuo mmoja. Kila yai linachota kalisi kutoka katika mifupa ya mama. Jike mzima alishwe kwa kiasi, mara kadhaa kwa wiki badala ya kila saa, akae kwenye joto la wastani, naye atataga mayai machache zaidi na kuishi miaka mingi zaidi. Asipandwe kabla ya kukaribia umri wa mwaka mmoja, hata kama amepevuka mapema.

"Rangi yake hufuata mahali alipo"

Dhana hii inajulikana mno, na nisingeigusa hapa kama isingekuwa inahusu usalama wa jike. Kinyonga hubadili rangi hasa kwa sababu ya hali aliyo nayo: joto, hofu, ugomvi, au hamu ya kujamiiana. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwamba vinyonga wa Madagaska wa aina ya Furcifer pardalis hubadili mpangilio wa fuwele ndogo sana zilizo ndani ya seli za ngozi, na hivyo hubadili mwanga unaorudishwa. Mfugaji anapaswa kuisoma rangi hiyo. Kinyonga wa Yemeni jike aliyebeba mayai, au asiyemtaka dume, huwa na rangi ya giza yenye madoa ya manjano na buluu, hufumbua kinywa na kuyumbayumba tawini. Kumwacha na dume katika hali hiyo, kwa matumaini kwamba watazoeana, ni kumtesa. Wawili hao wakutanishwe chini ya uangalizi pale tu jike anapotulia, kisha watenganishwe. Dume mmoja kukutana naye mara moja kunaweza kutosha kwa zaidi ya utagaji mmoja, maana jike huhifadhi mbegu mwilini.

"Mayai yageuzwe kila siku, na joto kali huyaharakisha"

Yai la kuku hugeuzwa. Yai la kinyonga halipaswi kugeuzwa. Saa chache baada ya kutagwa kiini na kiinitete hutulia mahali pake, na kupindua yai baadaye kunaweza kuua kilichomo. Mayai yafukuliwe polepole, kila moja liwekewe alama ya penseli juu kabla ya kuhamishwa, kisha yazikwe nusu ndani ya chombo chenye vemikulaiti (chembechembe nyepesi za madini zinazoshika maji) yenye unyevu wa kiasi, yaani ile ambayo ukiibana kiganjani haidondoshi maji. Yaachiwe nafasi kati yao, kwa sababu yai zima hufyonza maji na kuvimba.

Kuhusu muda, anayetarajia wiki tatu atakata tamaa. Mayai ya kinyonga wa Yemeni yanayotunzwa katika nyuzi joto 25 hadi 28 za Selsiasi huanguliwa baada ya miezi 6 hadi 9 hivi, na ya Furcifer pardalis yanaweza kukaribia mwaka. Kinyonga wa Yemeni hutaga wakati kiinitete kiko katika hatua ya mwanzo kabisa, na kwa wiki kadhaa hakikui. Aliye tayari kutupa mayai baada ya miezi mitatu kwa kuwa haoni mabadiliko anatupa viumbe hai. Yai bovu hujitambulisha lenyewe: hugeuka manjano, hunyong'onyea na kuota ukungu. Joto likizidishwa muda hupungua kweli, lakini watoto hutoka wadogo na dhaifu, au hufia ndani.

Wapo pia wanaoamini kwamba kwa kupandisha au kushusha joto watachagua madume au majike, kama inavyotokea kwa kasa na mamba. Kwa kinyonga wa Yemeni jinsia huamuliwa na kromosomu. Dume hutambulika tangu siku ya kwanza kwa kinundu kidogo kilicho nyuma ya wayo wa mguu wa nyuma, mahali ambapo kisigino kingekuwapo.

"Mtoto anayechelewa kutoka asaidiwe"

Kuanguliwa kunapokaribia, yai hutokwa na matone ya maji juu ya ganda na kuanza kulegea. Kisha mpasuko wenye umbo la nyota hutokea upande mmoja na pua ndogo huchomoza. Mtoto anaweza kubaki hivyo siku nzima. Watu wengi huingiwa na huruma na kumvuta. Wakimvuta humtoa akiwa bado ameunganishwa na kiini kilichobaki, ambacho alikuwa akikifyonza kama akiba ya siku zake za kwanza, na kiini kikichanika mtoto hufa. Subira ndiyo msaada pekee anaouhitaji. Akishatoka na kuanza kutembea ahamishiwe kwenye kizimba kidogo chenye vijitawi vyembamba anavyoweza kuvishika.

"Bakuli la maji, jua la dirishani, na wote kizimba kimoja"

Dhana hizi tatu nimeziweka pamoja kwa kuwa huua pamoja, katika wiki za mwanzo. Kinyonga kwa kawaida hayatambui maji yaliyotulia. Mtoto anaweza kukaukiwa akiwa hatua chache kutoka kwenye bakuli lililojaa, kwa sababu yeye hunywa matone yanayometameta kwenye majani. Majani yanyunyiziwe ukungu mwembamba wa maji mara kadhaa kwa siku, na kati ya nyakati hizo kizimba kiachwe kikauke na hewa ipite, kwani unyevu uliozubaa huleta maradhi ya mapafu.

Kioo cha dirisha huzuia karibu miale yote ya urujuanimno ambayo mwili wa kinyonga huitumia kutengeneza vitamini D3, na bila vitamini hiyo kalisi ya chakula haisaidii mifupa. Matokeo yake ni matege: miguu kupinda, taya kulainika, ulimi kushindwa kuruka. Inahitajika taa maalumu ya miale hiyo, na ibadilishwe kama mtengenezaji anavyoelekeza, kwa sababu miale hufifia huku mwanga unaoonekana ukiwa bado uko vilevile. Taa ya joto isizidishe nyuzi 29 mahali pa kuotea, maana mwili mdogo hupata joto upesi kuliko mtoto anavyoweza kukimbia.

Chakula kiwe nzi wa matunda wasioruka na nyenje wachanga wasiozidi upana wa nafasi kati ya macho yake, wapakwe unga wa kalisi, na wapatikane siku nzima. Mdudu naye alishwe mboga kwanza, kwa kuwa mdudu mwenye njaa ni ganda tupu. Nyenje waliobaki jioni waondolewe, maana usiku huwauma watoto waliolala.

Watoto wa tumbo moja si ndugu kwa namna tunavyouelewa undugu. Wakubwa hupanda juu ya wadogo, hutwaa mahali penye joto, na hung'ata mikia wakidhani ni chakula. Mdogo haonyeshi ugonjwa wowote; huacha tu kula, hufumba macho mchana, kisha hukutwa amekufa. Wapangwe katika vikundi vidogo kwa ukubwa wao na wahamishwe kila wanapopishana.

"Wakizidi, waachiwe bustanini"

Mwaka 1972 vinyonga wa pembe tatu kutoka Kenya waliingizwa Hawaii kwa biashara ya wanyama wa kufugwa, wakatokea nje, na leo wamezagaa katika visiwa kadhaa ambako hula konokono na wadudu wa asili ya huko. Kwa hiyo, kabla ya kumkutanisha jike na dume, mfugaji awe na orodha ya watu watakaochukua watoto 40, au akubali kuyagandisha baadhi ya mayai mapema yakiwa bado machanga.

Kwa upande wetu, kuokota kinyonga porini na kumfuga si jambo la hiari ya mtu. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 na ile ya Tanzania ya mwaka 2009 zinadai kibali, na biashara ya kimataifa ya vinyonga husimamiwa na mkataba wa CITES. Zaidi ya hayo, kinyonga wa pembe tatu amezoea usiku wa baridi wa milimani. Akiletwa Mombasa au Dar es Salaam huteseka kwa joto, na jike mwenye mimba ndiye anayeathirika kwanza.

Watoto wa kinyonga wa Yemeni watenganishwe kila mmoja kizimba chake wanapofikisha miezi mitatu hivi, na vizimba vizuiwe visionane. Wengine hupevuka wakiwa na miezi minne au mitano tu, na jike aliyeachwa na kaka zake hadi umri huo anaweza kubeba mayai wakati mifupa yake yenyewe bado inajengeka.