Bitcoin Iliyokamatwa Bado Si Akiba ya Taifa

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na mwanasheria, kwa nini serikali isichukue tu Bitcoin zote zilizomo mikononi mwa polisi na kuziita akiba ya taifa. Kazi yangu ni kufuatilia sarafu za kidijitali zinazoshikiliwa kwa amri ya mahakama, na swali hilo limenichosha, kwa sababu linachanganya kushikilia mali na kuitaifisha, yaani kuifanya mali ya serikali kisheria.

El Salvador ilianza kununua Bitcoin kwa fedha za umma mwaka 2021, na Bhutan huzichimba, yaani hupata Bitcoin mpya kwa kazi ya kompyuta, kwa umeme wa maporomoko yake, hayo yanaeleweka. Inayowachanganya watu ni Marekani. Amri ya Rais Trump ya tarehe 6 Machi 2025 inasema akiba itaanza na Bitcoin zilizotaifishwa katika kesi za jinai au za madai, na uzito wote umo katika neno hilo “zilizotaifishwa”.

Tazama wizi wa mwaka 2016 katika Bitfinex, soko la mtandaoni la sarafu za kidijitali, ulioondoa Bitcoin 119,754. Wapelelezi walipofungua faili lililosimbwa katika hifadhi ya mtandaoni ya mshukiwa, walikuta anwani 2,000, ambazo ni kama namba za akaunti za Bitcoin, pamoja na funguo zake za siri, na kufikia Februari 2022 walikuwa wamekamata Bitcoin zaidi ya 94,000. Aliyetazama pochi ya kidijitali zilimohifadhiwa peke yake aliona serikali imetajirika. Kisheria ilikuwa mtunzaji tu, kwani ufunguo hukuwezesha kuhamisha sarafu lakini haukupi umiliki, na Januari 2025 mahakama iliamuru zirudishwe Bitfinex.

Jimbo la Saxony nchini Ujerumani nalo linachekwa kwa kuuza Bitcoin karibu 50,000 zilizokamatwa kati ya Juni na Julai 2024, kwa takriban euro bilioni 2.64, kabla bei haijapanda. Wanaocheka wanasahau kwamba kesi ilikuwa haijaisha, na kwamba waendesha mashtaka wa Dresden, mji mkuu wa jimbo hilo, walieleza kuwa sheria inawalazimu kuuza mapema mali inayokabiliwa na hatari ya kupoteza asilimia 10 au zaidi ya thamani yake.

Sheria hiyo yenyewe ndiyo inayonitia shaka, kwa kuwa Bitcoin inaweza kushuka kiasi hicho usiku na kurudi ilipokuwa kabla ya wiki kwisha. Niliwahi kusaini ripoti iliyopendekeza kuuza haraka, kwa hoja hiyohiyo, na leo ningeiandika upya.