Tofali "kunywa maji" maana yake nini?

Ukisimama kwenye kiwanja chochote kinachojengwa hapa Tabora, haichukui muda kabla hujamsikia fundi akisema, "Haya matofali yanakunywa maji sana." Wengi tunaitikia kwa kichwa, kisha tunarudi kwenye simu kuangalia picha za nyumba: ile ya matofali mekundu yaliyoachwa wazi, ile ya lipu na rangi ya krimu, ile iliyobandikwa vipande vya mawe chini ya madirisha. Lakini ni kauli ile ya fundi inayoamua ni ipi kati ya hizo itadumu kwenye ukuta wako.

Tofali kunywa maji ni tofali kufyonza maji na kuyatunza ndani yake. Hata liwe gumu namna gani, tofali la kuchoma lina vitundu vidogo mno, vilivyoachwa na maji yaliyokauka na mabaki ya mimea yaliyoungua ndani ya udongo. Maji yakiligusa huvutwa kwenye vitundu hivyo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Ndiyo maana ukuta unaweza kulowa futi mbili kutoka chini wakati mvua haijaugusa kabisa: maji yametoka ardhini, yakapanda.

Kila tofali hunywa maji, hilo si kasoro. Swali ni kiasi gani, na jibu liko kwenye tanuru. Tanuru zetu hupangwa kwa mkono, hukandikwa udongo nje, na moto wa magogo huwashwa kwenye midomo ya chini. Udongo unahitaji joto la karibu nyuzi 900 na kuendelea ili chembe zake zishikane vizuri. Matofali ya katikati huiva, yanakuwa mekundu sawasawa. Ya pembezoni na juu hupata joto hafifu, yanatoka na rangi ya chungwa iliyopauka, na ndiyo yanayokunywa kupita kiasi. Yaliyokaa mdomoni mwa moto huwa meusimeusi, mengine yamepinda. Hayapendezi, ila yanakunywa kidogo kuliko yote. Udongo ni ule ule, tanuru ni moja, na ukinunua bila kuchagua unaletewa yote matatu kwenye lori moja.

Kuyatofautisha si kazi. Gonga mawili: lililoiva linalia kama chuma, bichi linatoa sauti ya kufifia. Kipimo chenyewe hasa ni ndoo. Pima tofali kavu kwenye mzani wa duka, lizamishe kwenye ndoo ya maji, na usiondoke haraka. Lisiloiva hutoa mapovu mfululizo, madogo kama ya soda, yanapanda kwenye kona zake kwa dakika kadhaa. Ni hewa inayofukuzwa na maji yanayoingia. Liache saa 24, lifute, lipime tena. Likiwa na kilo 2.5 kavu na kilo 3 baada ya kulowa, limekunywa nusu kilo, yaani asilimia 20 ya uzito wake. Viwango vya India vinaweka mpaka hapo hapo kwa matofali ya kawaida. Likizidi, mimi silipeleki ukuta wa nje.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Nilinunua matofali ya tanuru zima, nikajenga kiangazi, na lipu ikapigwa Septemba kwenye ukuta mkavu, jua kali, bila kumwagia hata ndoo moja. Nyumba ilipendeza. Januari, upande unaopigwa na mvua, niligonga ukuta nikasikia uwazi ndani. Wiki chache baadaye kipande kikubwa kama sinia kilidondoka. Nilikigeuza: mgongoni kilikuwa unga mtupu, ukikwangua kwa kucha unatoka kama mchanga. Nililaumu saruji, na saruji haikuwa na kosa. Saruji haigandi kwa kukauka. Inaganda kwa kutumia maji iliyochanganywa nayo. Tofali lenye kiu likiyanywa maji hayo mapema, lipu inakufa kabla haijashika.

Kwa hiyo kabla ya kujenga na kabla ya kupiga lipu, tofali linanyweshwa. Kuna jaribio dogo la kujua kama linahitaji: chora duara la ukubwa wa sarafu juu yake, dondosha matone 20 ya maji ndani ya duara, kisha tazama saa. Yakiisha kunywewa ndani ya dakika moja na nusu, tofali lina kiu, lilowanishe kwanza. Lilowe, lakini lisiwe linachuruzika. Na lipu ikishapigwa, imwagiliwe kwa siku saba.

Sasa turudi kwenye zile picha. Matofali yaliyoachwa wazi yanafaa kwa tofali lililoiva vizuri tu, na viungo vyake, yaani nafasi kati ya tofali na tofali, vijazwe saruji na kukandamizwa ili maji yasipate pa kukaa. Mafundi wengi huharakisha hapo, wakati viungo ndiyo mlango wa mvua. Ukiweka yaliyopauka wazi, msimu wa Novemba hadi Aprili yatalowa na kukauka, kulowa na kukauka, mpaka uso uanze kumeguka. Wapo wanaoyapaka vanishi yang'ae. Kwa ukuta mkavu hilo halina shida kubwa, ila kama unyevu unapanda kutoka chini umeufungia ndani, nao utatafuta pa kutokea: utaona weupe kama unga juu ya tofali. Ni chumvi ya udongo inayoletwa na maji na kuachwa pale yanapokauka. Futa kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani.

Tofali linalokunywa sana linahitaji lipu ya milimita 15 hadi 20, na hapa kuna jambo ambalo watu hulikataa: lipu isiwe ngumu kuliko tofali. Tunadhani saruji nyingi ni usalama. Kumbe lipu kali juu ya tofali laini hupasuka, maji yakaingia kwenye nyufa na kushindwa kutoka. Sehemu moja ya saruji kwa tano au sita za mchanga inatosha kabisa, na ukiongeza sehemu ya chokaa ukuta unapumua vizuri zaidi. Kwa nje chagua rangi ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya nje. Rangi ya mafuta kwenye ukuta wenye unyevu huota malengelenge.

Mawe ya urembo siyaongelei sana. Yanabebwa na lipu iliyo nyuma yake; lipu ikiwa mbovu yatashuka nayo.

Hakuna rangi wala lipu itakayozuia maji yanayopanda kutoka ardhini. Hiyo ni kazi ya nailoni nzito inayotandazwa juu ya msingi kabla ya kozi ya kwanza, yaani mstari wa kwanza wa matofali ya ukuta, nayo haigharimu sana ukilinganisha na kubomoa baadaye. Pia bati litokeze nje ya ukuta walau sentimita 60, na kuzunguka nyumba pawe na sakafu inayomwaga maji mbali, maana matone ya mvua yakipiga udongo huruka na kuupiga ukuta chini, ukawa mwekundu na kulowa kila siku.

Tanuru likishafunguliwa si lazima utupe yaliyopauka. Yatenge: meusi yaliyonyooka yaende chini karibu na msingi, mekundu yaende kuta za nje, yaliyopauka yajenge kuta za ndani zinazogawa vyumba, ambako mvua haifiki. Na kabla ya kutoa malipo ya awali, mwombe mwenye tanuru akuruhusu uondoke na matofali matatu, moja kutoka kila sehemu. Ndoo unayo nyumbani.