Je, wajua kwa nini rangi mpya hubabuka upesi kwenye jukwaa la kale?

Likija suala la kukarabati jukwaa la kale la wazi, liwe la bendi bustanini au la ngoma uwanjani, watu huanza kubishana juu ya rangi: nyeupe, krimu, au ya bendera? Mimi naona tunaanzia mwisho. La kwanza ni kujua rangi hiyo itakaa juu ya nini.

Pwani ya Mtwara na Lindi, wajenzi wa zamani walitumia mawe ya matumbawe na chokaa. Ndivyo zilivyo nyumba kongwe za Mikindani, na ndivyo ulivyo Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Jiwe la matumbawe lina vitundu tele. Hunywa maji ya mvua, hupandisha unyevu kutoka ardhini, na unyevu huo hubeba chumvi. Ukuta wa chokaa hauzuii maji hayo. Huyaacha yatoke taratibu, yakauke kwa upepo.

Sasa fundi akija na lipu ya saruji, kisha rangi ya mafuta au ya plastiki juu yake, njia ya kutokea imezibwa. Unyevu hukwama nyuma ya rangi. Maji yakikauka humohumo, chumvi huganda kuwa chembe ngumu, na chembe zikikua husukuma kila kilicho mbele yake. Ndiyo maana ukuta huota malengelenge, kisha rangi hudondoka na kipande cha lipu, wakati mwingine na uso wa jiwe lenyewe. Wengi humlaumu fundi rangi au kopo la dukani. Kopo linaweza kuwa zuri kabisa, ila si la ukuta huo.

Chokaa hufanya kazi kwa namna ya ajabu. Matumbawe huchomwa tanurini kwa joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, yakatoa gesi ya kaboni dioksidi. Kinachobaki humwagiwa maji, kikachemka chenyewe (hapo macho na ngozi vikingwe, maana chokaa mbichi huunguza vibaya), ndipo ikapatikana chokaa iliyozimwa. Ikipakwa ukutani huvuta tena gesi ileile kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe. Kwa hiyo ukuta wa matumbawe uliopakwa chokaa umevaa ngozi ya asili yake.

Na rangi je? Chokaa hupokea rangi za udongo, hasa nyekundu na manjano zitokanazo na madini ya chuma, kwa kuwa ukali wake hauziharibu. Ikiwa bado na maji huonekana imekolea, ikikauka hupauka sana. Mwenye haraka hudhani amekosea kipimo, akaongeza. Pakeni sehemu ndogo ya majaribio, mwiache ikauke kabisa, ndipo mwamue. Kwa jukwaa ningependekeza rangi hafifu ya udongo badala ya nyeupe tupu: jua la mchana la Mtwara likipiga ukuta mweupe humwumiza macho mtazamaji, asimwone vizuri mcheza sindimba aliyesimama mbele yake.

Kujua jukwaa lilikuwa na rangi gani mwanzoni, fundi mwangalifu hakwangui ukuta mzima. Huchagua mahali palipojificha, chini ya ukingo wa paa au nyuma ya ubao uliopigiliwa baadaye, akakwangua tabaka moja moja kwa kisu, kila moja akiliachia kipande kionekane, hadi afike kwenye lipu. Rangi iliyopigwa na jua miaka mingi hudanganya. Iliyokaa kivulini ni shahidi bora, ingawa rangi ya mafuta huwa ya manjano gizani. Kipande kidogo kikitazamwa kwa hadubini huonyesha tabaka ambazo jicho halizioni.

Tunayo mifano ya bustani za kale zilizofufuliwa: Forodhani ya Unguja, iliyotengenezwa mwaka 1936, ilikarabatiwa na shirika la utamaduni la Aga Khan Trust for Culture na kufunguliwa tena mwaka 2009. Huku kusini kuna kikwazo cha kisheria kisichojulikana na wengi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyahesabu majengo ya kabla ya mwaka 1863 kuwa kumbukumbu. Boma la Mikindani, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, halifikii umri huo, wala jukwaa la bendi la wakati wa Waingereza. Majengo ya namna hiyo yanahitaji kutangazwa rasmi ndipo yalindwe. Yasipotangazwa, mtu mwenye nia njema na mifuko ya saruji anaweza kuyamaliza kwa wiki moja.

Kazi yenyewe ifanywe baada ya mvua kuisha, kuanzia Juni hivi. Ukuta uloweshwe kwanza, chokaa ipakwe nyepesi kwa tabaka kadhaa, na maturubai yafungwe kukinga jua na upepo wa kusi, kwa sababu chokaa inayokauka upesi hubaki unga. Baada ya miaka michache itahitaji kupakwa tena, nayo huenda juu ya ile ya zamani bila kubandua kitu.