p16: Si Kila Wingu Lina Mvua

Vinyama vinavyokatwa kwenye tonsili au shina la ulimi, yaani sehemu ya kati ya koo, vinapoletwa maabara, swali huwa lile lile: je, saratani hii imeletwa na kirusi? Nami hupima protini ya p16. Nikiona kwenye hadubini kwamba angalau asilimia 70 ya seli za saratani zimekolea rangi, kwenye kiini na nje ya kiini, naandika "chanya". Kwa neno hilo moja, makadirio ya uhai wa mgonjwa yanabadilika. Tangu 2018 hata hatua ya ugonjwa hupangwa kwa kulifuata. Mimi naona tumelitwisha mzigo mkubwa mno.

Kirusi chenyewe ni HPV, hasa aina ya 16. Kikijikita ndani ya seli huifanya itengeneze protini mbili, E6 na E7. E6 huiangamiza p53, mlinzi anayeiamuru seli iliyoharibika ijiue. E7 huing'oa Rb, ambayo ni breki ya mgawanyiko wa seli. Rb ndiyo pia huizuia p16 isizalishwe ovyo, hivyo ikishatoweka, p16 hufurika. Haisaidii kitu, maana yenyewe hufunga breki kwa kupitia Rb hiyo hiyo isiyokuwepo. Inabaki imerundikana, na sisi tunaipaka rangi na kuihesabu. Kirusi hatujakiona. Tumeona wingu.

Dalili ya mvua ni mawingu, kweli. Mwaka 2010 daktari wa saratani Kian Ang na wenzake walionyesha kwamba, kati ya wenye saratani ya sehemu hiyo ya koo, asilimia 82.4 ya waliokuwa na HPV walikuwa hai baada ya miaka 3, dhidi ya asilimia 57.1 ya wasiokuwa nayo. Sigara iliharibu picha hiyo. Mwenye HPV aliyevuta zaidi ya kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka 10, na ambaye saratani yake ilikuwa imeenea sana kwenye tezi za shingo, aliangukia kundi la hatari ya kati. Kwa hiyo historia ya uvutaji naihesabu kuwa sehemu ya kipimo, na fomu inayokuja bila taarifa hiyo hunisumbua.

Tatizo ni kwamba p16 inaweza kupanda bila kirusi chochote. Uchambuzi wa wagonjwa 7,654 uliochapishwa 2023 ulikuta majibu ya p16 na ya HPV yakipingana kwa asilimia 9.2 yao. Vipimo vyote viwili vikiwa chanya, asilimia 81.1 walikuwa hai baada ya miaka 5. p16 ikiwa chanya na HPV hasi, ni asilimia 54.7 tu. Yaani mtu anaambiwa ana saratani yenye matumaini makubwa, kumbe hana. Ndiyo maana natetea kuongeza kipimo cha vinasaba vya HPV, au kile cha RNA (nakala za maagizo ya vinasaba) ya E6 na E7, kinachoonyesha kama kirusi kinafanya kazi au kimelala tu. Na nje ya sehemu hiyo ya koo, tuseme kwenye zoloto au kinywani, p16 chanya haina uzito huo.

Kuna kosa jingine linaloniuma zaidi. Alama inayotabiri uhai haisemi ni dawa gani ipunguzwe. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya majaribio mawili makubwa yaliyowapa wenye HPV dawa ya cetuximab badala ya ile ya cisplatin pamoja na mionzi, kwa nia njema ya kuwapunguzia madhara. Waliopewa cetuximab walikufa zaidi. Katika jaribio moja, asilimia 89.4 walikuwa hai baada ya miaka 2, dhidi ya asilimia 97.5 ya waliopewa cisplatin. Hao ni watu ambao tulikuwa na uwezo mkubwa wa kuwaponya.

Kwa saratani ya nyuma ya pua, inayohusishwa na kirusi cha EBV, damu inatusaidia zaidi: vinasaba vya EBV vikiendelea kuonekana baada ya matibabu, hatari ya ugonjwa kurudi ni kubwa. Kwa HPV nako kipimo cha damu cha namna hiyo kinafanyiwa kazi.

Kwenye ripoti zangu p16 ina mstari wake na HPV ina wake. Kinyama kikiwa kidogo mno kutosha vipimo vyote viwili, naandika waziwazi kwamba HPV haikupimwa.