Namba 4,294,967,297 na Kigawo Chake Kilichojificha

Namba 4,294,967,297 ni namba nzima yenye tarakimu 10, nayo hupatikana kwa kuchukua 2 kipeo cha 32 na kuijumlisha na 1. Ni namba witiri, haiishii na 0 wala 5, na kwa kuwa jumla ya tarakimu zake ni 59, haigawanyiki kwa 3. Majaribio ya haraka tuliyofundishwa shule ya msingi yote yanagonga mwamba hapa, na ni rahisi kuidhania kuwa namba tasa, yaani namba isiyo na vigawo vingine ila 1 na yenyewe.

Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliamini hivyo hasa. Ukianza na 2 na kuendelea kutafuta kipeo cha pili cha kila jibu, utapata 2, 4, 16, 256 na 65,536. Ongeza 1 kwa kila moja, nazo zitakuwa 3, 5, 17, 257 na 65,537, ambazo zote ni tasa. Inayofuata ndiyo namba yetu, naye Fermat alidhani kwamba mfululizo wote ungekuwa tasa bila kikomo.

Mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler alionyesha kwamba 4,294,967,297 ni zao la 641 na 6,700,417, ambazo zenyewe ni tasa. Baadaye alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Sharti hilo hupunguza kazi kwa kiasi cha kushangaza: namba tasa za mwanzo zinazolitimiza ni 193, 257, 449, 577 na 641, na hiyo ya tano ndiyo inayotafutwa.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba jambo hili huhakikishwa bila hata kugawanya. Namba 641 ni jumla ya 625 na 16, yaani 5 kipeo cha 4 na 2 kipeo cha 4. Tuizidishe 641 kwa 2 kipeo cha 28: sehemu ya 16 inakuwa 2 kipeo cha 32, na sehemu ya 625 inakuwa 640 kipeo cha 4, kwa sababu 640 ni 5 mara 128, na 128 ni 2 kipeo cha 7. Kwa kuwa 640 imepungukiwa na 1 tu kuifikia 641, kipeo chake cha 4 kikigawanywa kwa 641 hubakiza 1. Basi 2 kipeo cha 32 nayo imepungukiwa na 1 kuwa kigawe cha 641, na hiyo 1 ndiyo tuliyoijumlisha tangu mwanzo.

Kuna ushahidi mwingine. Namba hii ni jumla ya vipeo vya pili vya 65,536 na 1, na pia ni jumla ya vipeo vya pili vya 62,264 na 20,449. Namba tasa haiwezi kamwe kuandikwa hivyo kwa njia mbili tofauti.