Eko au Katheta: Tunavyopima Nguvu ya Moyo

Ndugu wa wagonjwa huniuliza mara kwa mara kwa nini, baada ya kipimo cha eko, yaani kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti kutoka nje, hatumpitishii mgonjwa mrija uitwao katheta hadi moyoni ili lipatikane jibu la uhakika. Swali hilo ni la haki, lakini ndani yake mna dhana ambayo hata baadhi yetu madaktari tunayo, kwamba kipimo kinachoingia mwilini ndicho kinachosema kweli na kile cha nje kinakisia tu. Sikubaliani nayo, na nitaeleza sababu kwa kutumia kipimo kimoja: kiasi cha damu ambacho moyo husukuma kwa dakika, ambacho kwa mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya lita 4 na 8 hivi.

Kwa eko, kwanza tunapima kipenyo cha njia ambayo damu hupitia chini kidogo ya vali ya aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, kisha kwa mawimbi ya Dopla, yaani ya sauti yanayosoma mwendo wa damu, tunapima umbali ambao damu husafiri katika pigo moja. Tuseme kipenyo ni sentimita 2.0 na umbali ni sentimita 18: kila pigo linatoa mililita 57 hivi, na moyo ukipiga mara 80 kwa dakika, tunapata lita 4.5. Mpimaji akisoma kipenyo hicho kuwa sentimita 1.8, yaani akikosea kwa milimita 2 tu, jibu linashuka hadi lita 3.7, kwa kuwa kipenyo huzidishwa kwa chenyewe na kosa lake huzidishwa pamoja nacho. Mgonjwa hajabadilika hata kidogo, lakini kwenye karatasi moyo wake umedhoofika. Kwa sababu hiyo, ninapomfuatilia mgonjwa mmoja kabla na baada ya kumpa dripu, hutazama zaidi ule umbali peke yake, kwani kipenyo hakibadiliki kati ya asubuhi na jioni.

Njia ya mrija ina historia ya ujasiri. Mwaka 1929, mjini Eberswalde, Ujerumani, daktari Werner Forssmann alijipitishia mrija kwenye mshipa wa mkono wake mwenyewe hadi moyoni, akaenda kupigwa eksirei ili athibitishe ulipofika. Mwaka 1956 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na André Cournand na Dickinson Richards. Mwaka 1970 madaktari Swan na Ganz walieleza katheta yenye puto dogo karibu na ncha, linalobebwa na mkondo wa damu hadi kwenye ateri ya mapafu. Tunaingiza mililita 10 za maji baridi upande wa kulia wa moyo, na kihisi kilichoko karibu na ncha kinasoma jinsi joto la damu linavyoshuka na kurudi. Damu ikienda kasi, ubaridi hupita upesi. Tunarudia mara tatu na kuchukua wastani, kwa sababu hata hapa majibu hayalingani.

Tatizo kubwa zaidi ni vali kati ya vyumba viwili vya kulia. Ikivuja sana, maji yale yanakwenda na kurudi, na hesabu inapotoka. Wagonjwa wetu wengi wenye vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni hufika hospitali wakiwa tayari na uvujaji huo, kwa hiyo kipimo kinachoitwa cha uhakika huyumba hasa kwa wale tunaowaona kila siku. Ipo pia njia ya mwanasayansi Adolf Fick, ya mwaka 1870, inayotegemea oksijeni ambayo mwili hutumia. Lakini mahali pengi oksijeni hiyo haipimwi bali hukadiriwa kwa ukubwa wa mwili, na hapo tumerudi kwenye makisio.

Tafiti zinazolinganisha njia hizi zisomwe kwa makini. Wanatakwimu Bland na Altman walionyesha mwaka 1986 kwamba vipimo viwili vinaweza kupanda na kushuka pamoja vizuri sana huku kimoja kikisoma juu ya kingine daima, na mwandishi asiyetenganisha mambo hayo mawili anampotosha msomaji.

Katheta haina mbadala katika kuthibitisha shinikizo kubwa la damu kwenye mapafu. Eko hukadiria shinikizo hilo kutokana na kasi ya damu inayovuja kwenye vali ile ya kulia. Kasi ya mita 3 kwa sekunde inaashiria tofauti ya shinikizo ya milimita 36 za zebaki kati ya vyumba vile viwili. Mkondo huo usipoonekana vizuri, eko hudanganya, ilhali kigezo cha ugonjwa, wastani unaozidi milimita 20, hupimwa kwa katheta. Kwa upande mwingine, mrija unaweza kuleta kuvuja damu, moyo kupiga bila mpangilio, maambukizi na, mara chache sana, kupasuka kwa ateri ya mapafu.

Kwa hiyo mimi huanza na eko, na humpeleka mgonjwa kwenye uchunguzi wa tundu dogo, yaani wa katheta, pale tu ambapo jibu litabadilisha matibabu: kwa mfano mama ambaye eko inasema vali yake imebana kidogo tu, lakini hawezi kupanda ngazi chache bila kusimama kuhema.